Angalia Juu, Petit

Mguu wangu ulikuwa bado juu ya kanyagio la cherehani nilipokubali kwenda Misri. Kama ningeutoa kwanza, nikasimama, nikamwomba mchungaji anipe siku moja ya kufikiri, huenda uzee wangu ungekuwa na sura nyingine. Sikuomba. Nilisema ndiyo huku nikimalizia mfuko wa kaptula ya shule, na sindano haikusimama.

Mchungaji huyo ni Mmalawi, ana kanisa Area 25, kule Lilongwe. Mara moja kwa mwezi alikuwa anakuja kambi yetu ya wakimbizi, Dzaleka, kuhubiri kanisani kwetu, yeye akisema Kiingereza, mimi nikisimama ubavuni mwake na kukigeuza Kiswahili. Siku hiyo alikuja katikati ya juma, jambo ambalo si kawaida yake, akakaa kwenye benchi la wateja. Alinieleza kwamba makanisa yenye wakimbizi yanakusanya wazee wao kwa mkutano Misri, katika mji ulio kando ya Bahari ya Shamu, na siku ya mwisho wageni watapelekwa matembezi ya kutwa kuona mahekalu na makaburi ya wafalme wa kale. Wengi wa wageni hawajui lugha nyingine ila Kiswahili na lugha za kwao. Mwongozaji wa matembezi anasema Kifaransa. Walitaka mtu wa kutafsiri.

Jina la kwanza kutajwa, alisema, halikuwa langu. Lilikuwa la Mwalimu. Lakini Mwalimu amezeeka na macho yanamwishia. Nani atamshika mkono kwenye ngazi zote hizo? Je, mimi nisingeweza kwenda badala yake?

Kulikuwa na jibu moja la haki, na lilinijia papo hapo. Mkalimani hahitaji macho. Anahitaji masikio na mdomo, na Mwalimu alikuwa navyo vizuri kuliko mtu yeyote kambini. Mkono wa kumshika ungepatikana. Wasafiri wote walikuwa watu wa kanisa. Niliona jibu hilo mbele yangu kama ninavyoona mshono, nikalimeza. Nilitaka kwenda. Sina maelezo mengine.

Mwalimu alinifundisha historia Bukavu, nilipokuwa humanités, yaani sekondari, yeye kijana aliyetoka chuoni juzi, mimi mvulana mrefu wa dawati la nyuma. Tulitofautiana miaka michache kuliko tulivyodhani wakati ule. Baadaye vita vilimpitisha kila mtu njia yake, na tulipokutana tena ilikuwa hapa Dzaleka, kwenye foleni ya maji, mimi tayari nina wajukuu. Alinitazama kutoka miguuni mpaka kichwani, akaniuliza kama siku hizi ninafanya kazi za shule za nyumbani. Halafu akaniita petit, yaani mdogo, kama alivyokuwa ananiita darasani. Foleni nzima ilicheka, mzee mwenye mvi kuitwa petit. Mimi nilifurahi moyoni. Wazazi wangu walikuwa wamekufa, kaka zangu wamekufa. Hakubaki mtu mwingine duniani ambaye kwake mimi ni mdogo.

Tangu siku hiyo alinichukua tena kama mwanafunzi. Kila Jumapili, ibada ikiisha na watu wakihangaikia kabaza, zile baiskeli za abiria, za kuwarudisha nyumbani, yeye alisimama karibu na mlango akinisubiri na fimbo yake.

"Petit, mchungaji alisema huruma. We umesema msamaha. Ni bitu mbili."

Nilijitetea kwamba waumini walikuwa wameelewa. Aliniambia hata mbuzi anaelewa akifukuzwa, lakini hiyo si tafsiri. Nilikunja uso kila mara, na kila mara nilitoka kanisani nikimtafuta yeye kwanza. Kuna Jumapili ambazo sikukosea chochote, nikateleza makusudi kwenye maneno ya mwisho, ili awe na la kusema.

Somo lake kubwa lilikuwa Misri. Shule yetu ilikuwa na kitabu kimoja tu chenye picha za mahekalu, na kilikuwa chake. Badala ya kukipitisha mikononi mwetu kikachanika, kila mwaka alitupeleka uani. Aliwachagua wavulana warefu, akatupanga safu kwa safu kwenye vumbi, akasema sisi ni nguzo za Karnak. Sisi wa katikati alituambia tuinue mikono na kufungua viganja kama ua la mafunjo lililochanua. Kisha aliwachukua wafupi na wasichana, akawapitisha kati yetu polepole kama wageni, akiwaeleza wapi mwanga unaingia na wapi giza linaanza. Nguzo hairuhusiwi kugeuka wala kucheka. Mimi nilikuwa nguzo kila mwaka. Nilisikia ziara nzima ikipita mgongoni mwangu, sikuiona hata siku moja.

Mwishoni aliwasimamisha wageni wake katikati na kuwaambia waangalie juu. Huko juu, alisema, chini ya boriti za mawe ambako jua halifiki, rangi ya wale wachoraji wa kale ingali ipo mpaka leo. Nao waliangalia juu, kwenye viganja vyetu vichafu na mawingu ya Kivu, na wengine walisema wameiona.

Kwetu, mtu akipewa kitu kilichokuwa cha mkubwa wake, hukipeleka kwanza kwa huyo mkubwa. Mara nyingi mkubwa atasema chukua, lakini lazima kipite mikononi mwake. Nilijua hivyo. Badala yake nilikuwa napita njia nyingine kwenda sokoni, ile ya nyuma ya kinu, ili nisipite mlangoni kwake. Mwalimu alizipata habari kwa mama wa kwaya. Nilipokwenda hatimaye, alikuwa amekaa nje ya nyumba akichambua maharage kwenye ungo kwa vidole, uso ameuelekeza kwingine. Alinitambua kwa mwendo.

"Petit. Kumbe njo we unaenda."

"Ndiyo, Mwalimu. Mchungaji alisema kwamba..."

"Minajua mchungaji alisema nini."

Alitoa kijiwe kwenye maharage, akakiweka pembeni. Aliniambia kwamba alikuwa ameshuka Lilongwe hospitalini, na daktari amemweleza ni presha ya macho: kilichokwisha kupotea hakirudi, na kilichobaki nacho kitaondoka taratibu. Kwa sasa bado anaona vitu vikubwa vikisimama mbele ya mwanga. Mlango. Mti. Mtu, kama amesimama.

"Nguzo ningeiona," alisema. Hakulalamika, alisema kama mtu anayepima kitambaa. "Nguzo ni kitu kikubwa."

Nataka hapa nieleweke. Siku hiyo muda ulikuwepo bado. Hati ya kusafiria, ile ambayo serikali huwapa wakimbizi, ilikuwa haijaombwa kwa jina langu wala la mtu mwingine. Ningeweza kuinuka kwenye kigoda nilichokalia, nikapanda basi dogo la kwanza mpaka Area 25, nikasema: mpelekeni yeye, mimi nimekosea. Badala yake nilimuuliza maharage yametoka wapi. Akasema Mitundu, kuna mama anamletea.

Kisha akaacha kuchambua.

"Sitaki uniletee kitu. Bale bantu banauzaka sanamu, usinunue. Nataka jambo moja. Nilifundisha batoto miaka yote ile rangi iko kule juu. Nilisoma tu, sikuionaka. Ukifika, mbele ya yote, angalia juu, petit. Rangi iko, ao nilidanganya batoto ya benyewe?"

"Nitaangalia."

"Juu kabisa. Si kwa ukuta."

"Nitaangalia, Mwalimu."

"Na usivae viatu vipya."

Nilivaa viatu vipya. Nilivinunua soko la Tsoka siku niliyokwenda kuchukua hati yangu, vyeusi, vyenye ncha, kwa sababu sikutaka kuonekana mkimbizi mbele ya wageni wa nchi nyingine. Mkutano wenyewe ulikwenda vizuri na sina mengi ya kuusema. Tulikaa kwenye ukumbi wenye zulia, tukasali, tukaimba, tukala samaki. Kila mtu alingoja siku ya matembezi.

Tuliondoka kabla hakujapambazuka, basi moja, wazee kwa vikongwe. Jua lilitukuta jangwani kati ya milima isiyo na jani hata moja. Karibu nami alikaa mama mmoja wa Kirundi aliyekuwa akiishi kambi nyingine, mama mnene mwenye sikio moja zima, la kushoto. Alitazama nje muda mrefu, akasema Musa alikuwa na subira kweli, watu wale wote na hakuna mahali pa kuteka maji. Halafu ghafla mbele yetu kukawa kijani: miwa, vitunguu, punda wamebeba majani, wanawake wameinama shambani. Basi zima lilipiga makofi. Ungedhani tumefika nyumbani kwa mtu tunayemjua.

Mwongozaji alikuwa binti wa kwao, mwenye kilemba chepesi na mwavuli mwekundu aliouinua ili tusipotee. Alikijua Kifaransa vizuri, ila kwa lafudhi yao, na alisema haraka. Kwa hiyo ilinibidi nitazame midomo yake nisipitwe na neno. Hakuna kipaza sauti kilichoruhusiwa pale. Makundi yalikuwa mengi, kila moja na kelele zake, nami nilisema kwa sauti ya chini katikati ya watu wangu waliojikusanya kunizunguka kama vifaranga, mama wa Kirundi ameweka sikio lake la kushoto karibu na kidevu changu.

Hivyo ndivyo nilivyoingia Karnak. Tulipita kati ya sanamu zenye mwili wa simba na kichwa cha kondoo dume. Hayo nayajua kwa sababu niliyasema. Tukapita mlango mkubwa, tukafika kwenye ukumbi wa nguzo. Binti alieleza mfalme gani alianza kujenga na mfalme gani alimaliza, mawe yalitoka wapi, yaliinuliwaje kwa vilima vya mchanga. Alieleza mengi. Kila neno lilipita mdomoni mwangu likaenda.

Asiyewahi kutafsiri hawezi kujua jambo hili. Mkalimani hasikilizi kama watu wanavyosikiliza. Ukilishika neno la kwanza utalikosa la pili, kwa hiyo unajifunza kutokushika. Baada ya ibada mke wangu alikuwa akiniuliza mchungaji amehubiri nini, nami nilikuwa sijui, wakati kanisa zima limelia kwa maneno yaliyotoka kinywani mwangu. Basi ndivyo ilivyokuwa ukumbini. Macho yangu yalikuwa kwenye midomo ya binti, na akinyamaza yalikuwa chini, kwenye viatu vyangu, maana visigino vilikuwa vimeanza kuchubuka na ardhi ya pale haikulingana. Niliona sehemu za chini za nguzo, nene kuliko nyumba yangu. Niliona miguu ya watalii. Binti akainua mwavuli, tukatoka juani.

Mchana tulikula, kisha tukavuka Nile kwa mashua ya mota mpaka ng'ambo ya wafu, kama alivyoiita. Tukaona hekalu la malkia limeegemea jabali. Baadaye tukaingia kwenye bonde la makaburi, na hapo binti akatueleza jambo ambalo sikulitegemea. Ndani ya makaburi waongozaji hawaruhusiwi kusema. Alitueleza yote nje, kivulini: jinsi wafalme walivyozikwa na vitanda, viti, magari ya farasi, mikate, hata kuku wa kuchoma.

Niliposema kuku, mama wa Kirundi alinishika mkono.

"Baba, muulize. Alizikwa na masufuria pia?"

Niliuliza. Binti alisema ndiyo, na vyungu, na masanduku ya nguo.

"Kweli," mama alisema. "Mi nilikimbia na sufuria moja."

Mzee mmoja nyuma yetu akasema afadhali yeye. Mke wake alikimbia na mfuniko, sufuria ikabaki jikoni. Mpaka leo wanao mfuniko. Tulicheka mpaka mlinzi akatutazama.

Kisha tukateremka kaburini, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi sikuwa na kazi. Hakuna aliyesema, hapakuwa na cha kutafsiri. Mdomo ulipofunga macho yalifunguka. Nilitembea kwenye njia iliyoshuka taratibu, na kuta zilikuwa zimejaa rangi kama duka la vitenge: nyekundu, njano, kijani, watu wenye vichwa vya ndege, nyoka mrefu anayekwenda ukuta mzima. Niliinua kichwa. Dari lilikuwa la buluu na nyota za njano, safi, kana kwamba mchoraji ameshuka ngazi kwenda kunywa chai.

Nikiwa nimeinua kichwa hivyo, shingo imenyooka, ndipo nilipokumbuka nilichoagizwa. Mwili ulikumbuka kabla yangu. Nilikuwa sijaangalia juu Karnak hata mara moja.

Nilisimama pale, watu wakanipita. Karnak ilikuwa ng'ambo ya mto, na basi lilikuwa linarudi baharini kwa njia ya daraja, bila kupita tena hekaluni. Lilibaki jambo moja ningeweza kufanya: kutoka nje na kumuuliza yule binti. Dada, zile nguzo za asubuhi, kule juu kuna rangi? Lilikuwa swali la sekunde mbili. Lakini nilikuwa nimesimulia nguzo hizo asubuhi nzima kwa lugha mbili. Inawezekana kabisa alikuwa amekwisha kusema juu ya rangi, na mimi mwenyewe nimelitamka kwa Kiswahili. Niliona aibu kuuliza kitu kilichokuwa kimetoka mdomoni mwangu. Nilipotoka nilikaa kivulini, nikavua viatu.

Tulirudi gizani, wote wamelala, na katika basi hilo nilijipa faraja. Nimeona rangi, nilijiambia. Watu ni wale wale, nchi ni ile ile. Kama ipo makaburini, ipo na kwenye nguzo.

Niliporudi Dzaleka nilikwenda kwa Mwalimu siku ya pili. Alikuwa ananingoja. Alikuwa amevaa koti lake la kufundishia, lile la kahawia ambalo mimi nilikuwa nimelitia viraka vya viwiko, na amemwomba jirani achemshe chai. Nilimsimulia basi, jangwa, miwa, mama na kuku wa mfalme. Alicheka nilipofika kwenye mfuniko. Aliniacha niseme yote bila kunikatiza, na kwa Mwalimu hilo lilikuwa jambo kubwa. Kisha akaweka kikombe chini.

"Na kule juu?"

"Rangi iko, Mwalimu. Buluu, na njano. Hukudanganya mtu."

Alivuta pumzi. Naweza kusema uso wake ulikuwa wa kijana kwa muda huo. Aliuliza tena, kwa furaha tu, kama mtu anayeomba aongezwe chai.

"Na bichwa ya nguzo? Ziko namna gani?"

Nilijua namna gani. Nilikuwa nimekuwa kichwa cha nguzo miaka yote ile. "Zimechanua," nilisema. "Kama maua ya mafunjo, zimefunguka."

"Za pembeni pia?"

"Zote."

"Zote."

"Zote, Mwalimu."

Alitafuta kikombe kwa mkono, akakipata, akanywa mpaka mwisho. Nje mtu alikuwa anapita na kabaza akipiga kengele. Halafu Mwalimu akageuza uso kuelekea kwangu, na macho yake hayakunipata sawasawa, yalitua begani.

"Asante, muzee," alisema. "Umechoka na safari. Enda upumzike."

Nilifika nusu ya njia kabla ya kutambua ameniitaje.

Jumapili iliyofuata nilitafsiri vibaya. Nilijua nimekosea mahali pawili, na mara hiyo haikuwa makusudi. Nilitoka nikamkuta karibu na mlango na fimbo yake, kama kawaida. Nilimsalimu. Akaniambia nimefanya kazi nzuri, Mungu anibariki, na akamwomba msichana wa jirani amshike mkono waende.

Ilikuwa hivyo kila Jumapili. Hakuninunia. Mtu wa nje asingeona tofauti yoyote; angesema wazee hawa wanaheshimiana sana. Nikimpelekea mahindi alishukuru. Nikimuuliza hali alinijibu. Lakini hakunisahihisha tena neno hata moja, na nilikuwa muzee, kama mtu yeyote mwingine mwenye mvi kambini.

Ukweli wa rangi ulinifikia mvua za mwaka uliofuata. Nilikuwa Area 25 kwa mchungaji, nimempelekea joho nililomshonea, naye akanionyesha kwenye simu yake picha ambazo mama wa Kirundi alikuwa amezituma. Nyingi zilikuwa za mama mwenyewe mbele ya mawe. Moja ilikuwa ya ukumbi wa nguzo, na sijui nani aliipiga, maana mama yumo, ametega sikio. Mimi nipo katikati, mrefu kuliko wote, kichwa nimekiinamisha kama mtu anayetafuta shilingi iliyoanguka. Na juu yangu, chini ya boriti ya jiwe, kuna buluu. Kuna na nyekundu. Si nyingi, imefifia, lakini ipo. Mchungaji aliikuza kwa vidole. Ndipo nikaona na vichwa vya nguzo. Za katikati zimechanua. Za pembeni, safu kwa safu mpaka picha inapoishia, zimefumba.

Nilikaa na simu ile ya mchungaji mkononi. Nilijaribu kukumbuka ua wa shule, safu zilizokuwa mgongoni mwangu. Bila shaka Mwalimu aliwaambia wale wa pembeni wakunje ngumi. Bila shaka aliwaeleza kwa nini: mwanga unaingia katikati, na pembeni ni giza. Na mimi sikugeuka.

Kutoka mjini nilikwenda moja kwa moja kwake, bila kupita nyumbani. Macho yake yalikuwa yamekwisha kabisa wakati huo. Mlango haukuwa mlango tena kwake, wala mtu mtu. Nilimwambia kila kitu. Nilimwambia kwamba sikuangalia juu. Kwamba nilimletea rangi ya makaburini nikaiita ya Karnak. Kwamba nimeona picha, rangi ipo kweli, na za pembeni zimefumba. Nilipomaliza hayo niliona hayatoshi, nikamwambia na lile la kwanza: kwamba mchungaji aliponiuliza nilijua mkalimani hahitaji macho, na nikanyamaza.

Alisikiliza mikono ikiwa magotini.

"Ile ya bichwa ya nguzo nilijua siku ile," alisema. "Uliniambia kiwanja ya shule yetu. Nilikuona pale, umesimama katikati."

"Nisamehe, Mwalimu."

"Nilikusamehe zamani, muzee. Minafurahi rangi iko. Asante sana kwa kuja."

Akauliza kama nimekula. Nilisema nimekula. Akamwita msichana wa jirani alete nsima, ugali wa huku, hata hivyo, kwa sababu mgeni haondoki hivi hivi, na tulikula pamoja bila kusema mengi. Nilikuwa nimeomba msamaha na nimepewa. Nilipokuwa nanawa mikono nilikumbuka maneno yake ya mlangoni kanisani, kwamba huruma na msamaha ni vitu viwili, na nikangoja labda aniambie kingine. Hakuniambia.

Alifariki kipindi cha baridi, usingizini. Tulimzika hapa hapa, kilimani. Mchungaji alitoka Lilongwe kuhubiri, na mimi nilisimama ubavuni mwake kama kawaida, nikatafsiri. Katikati ya mahubiri nililikosa neno moja kabisa, nikaweka lingine lililo karibu nalo, na nikaona hakuna uso hata mmoja uliobadilika. Watu walisema nimefanya vizuri.

Bado natafsiri, ingawa miguu imechoka na cherehani nimemwachia binti yangu. Mwalimu aliyekuwa na haki ya kuziona nguzo, na macho yaliyobakia ya kuziona, alikufa bila kuziona, kwa sababu nilikaa kwenye kiti chake. Mimi niliyekwenda sikuziona. Na mtu wa mwisho aliyekuwa akiniita petit na kunisahihisha aliacha kufanya hivyo siku ile ya chai, miaka miwili kabla ya kifo chake. Hayo ndiyo niliyoyalipa kwa ile ndiyo niliyoisema mguu ukiwa kwenye kanyagio la cherehani.